Je, kweli Nairobi imevunja rekodi ya joto?

Swali la msomaji: "Mwalimu, hujambo? Kila mwaka ikifika mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi, simu yangu hujaa jumbe zinazodai kwamba Nairobi imevunja rekodi ya joto. Mara ni nyuzi 33, mara 35. Mimi mwenyewe kipimajoto nilichotundika kwenye roshani yetu hapa Embakasi kilionyesha 34 saa tisa alasiri, lakini taarifa ya jioni ikasema Nairobi ilikuwa 29. Baba naye anashikilia kwamba zamani mji huu ulikuwa wa sweta mwaka mzima. Rekodi za joto za kila siku za Nairobi huwekwa wapi, zinaanzia lini, na nitajuaje kwamba kweli rekodi imevunjwa?"

Sijambo, dada. Nianze na nambari mbili zilizokukanganya, 29 na 34, kwa sababu mengi ya maswali yako yamejificha hapo.

Joto linalotangazwa ni la hewa iliyo kivulini, juu ya nyasi, mbali na ukuta na lami. Ndiyo maana kila kituo cha hali ya hewa kina kile kisanduku cheupe cha mbao chenye miguu mirefu na kuta za vibao vilivyoinamishwa ili hewa ipite lakini miale isipenye. Huitwa kisanduku cha Stevenson, kwa jina la mhandisi Mskoti Thomas Stevenson aliyekibuni katika karne ya 19. Vipimajoto vyake hukaa kati ya mita moja na robo na mita mbili kutoka ardhini. Sisi tulio karibu na Ikweta tuna jambo la ziada la kuangalia: jua hutupitia upande wa kaskazini miezi kadhaa na upande wa kusini miezi mingine, kwa hiyo kisanduku hufaa kiwe na milango miwili, mwangalizi afungue ule ambao hauingizi jua kwenye vyombo.

Ndani mna vipimajoto vinne. Viwili vimesimama, kimoja kikavu na kingine kimevishwa kitambaa kibichi ili kupima unyevu. Viwili vimelazwa, na hivi ndivyo vinavyoweka rekodi. Kile cha kiwango cha juu kina zebaki, na karibu na sehemu inayohifadhi zebaki hiyo mrija wake umebanwa. Joto likipanda, zebaki husukumwa kupita kwenye kibano. Likishuka, uzi wa zebaki hukatika hapo hapo na kubaki umeganda mahali ulipofika. Mwangalizi anaweza kuja saa kadhaa baadaye, akakuta joto la alasiri bado linamsubiri, akalisoma hadi sehemu ya kumi ya nyuzi, kisha akakitikisa chombo ili zebaki irudi. Kile cha kiwango cha chini kina spiriti, na ndani yake mnaelea kijiti chembamba. Spiriti ikinywea kwa baridi hukivuta kijiti, ikipanda tena hukiacha nyuma, na pale kijiti kilipoachwa ndipo baridi ya alfajiri ilipofika. Kwa utaratibu wa Afrika, kiwango cha chini huripotiwa saa tatu asubuhi na kiwango cha juu saa tatu usiku. Jicho lazima liwe sawa na mstari. Mtu mfupi asiposimama juu ya kigogo, au mrefu asipoinama, kosa la nusu nyuzi huingia kwenye daftari, na nusu nyuzi ndiyo hasa inayotenganisha rekodi na siku ya kawaida.

Sasa rudi kwenye roshani yako. Ukuta umepigwa na jua tangu saa nne, sakafu ni ya simiti, juu pengine kuna mabati, na hewa haitembei. Kipimajoto chako hakikusema uongo. Kilipima roshani, na roshani ilikuwa na nyuzi 34 kweli. Wewe ndiwe uliyekuwa ukiishi katika hizo 34, na mwisho wa jibu hili nitarudi kwenye jambo hilo kwa sababu lina uzito wake. Lakini nambari hiyo haiwezi kuwekwa kwenye mizani moja na ya kituo.

Unauliza rekodi ziko wapi. Nairobi haina kipimajoto kimoja cha mji mzima. Kuna kituo cha Dagoretti Corner, kando ya Barabara ya Ngong, yaliko makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa. Kuna kituo cha uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, hapo karibu nawe. Kuna cha uwanja wa Wilson, na cha kambi ya jeshi la anga ya Moi kule Eastleigh. Kuna pia Kabete, kwenye upande wa mashamba ya chuo. Kila kimoja kina daftari lake na rekodi zake, na hakuna anayeruhusiwa kuokota joto la juu kutoka kituo kimoja akalilinganisha na rekodi ya kingine.

Tofauti kati yao si ndogo. Dagoretti Corner iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624. Kwa kawaida hewa hupoa takriban nyuzi 6.5 kwa kila kilomita moja unayopanda, kwa hiyo mita 170 hivi peke yake ni zaidi ya nyuzi moja. Ongeza kwamba Dagoretti imeelekea upande wa misitu na vilima vya Ngong, ambako mawingu hujikusanya mapema, huku uwanja wa ndege ukiwa wazi kwenye tambarare ya Athi yenye nyasi kavu. Alasiri moja ya Machi, mkaguzi wa tiketi za ndege aweza kuwa kwenye nyuzi 30 na fundi wa viatu wa Dagoretti kwenye 28, na wote wawili wako Nairobi. Taarifa ya habari ikisema "Nairobi ilikuwa 29" bila kutaja kituo, imekupa nusu ya habari.

Zinaanzia lini? Mji wenyewe ulianza 1899 kama kituo cha reli. Huduma rasmi ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki chini ya Waingereza iliundwa 1929, na baadaye ikawa idara ya pamoja iliyohudumia Kenya, Uganda na Tanganyika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, kila nchi ikabaki na idara yake. Uwanja wa ndege wa Embakasi, ambao sasa ndio Jomo Kenyatta, ulifunguliwa 1958. Hapo tayari una chombo cha kuchujia jumbe za simu: mtu akikwambia uwanja huo haujawahi kuona joto kama hilo "kwa miaka mia", jua hakuna daftari la miaka mia mahali hapo.

Nambari za zamani zina mtego mwingine. Daftari za enzi ya mkoloni ziliandikwa kwa Farenhaiti, na waliozihamisha baadaye walilazimika kugeuza kila tarakimu. Farenhaiti 86 ni Selsiasi 30 kamili. Kama mwangalizi wa wakati huo alizoea kuandika nambari nzima iliyo karibu zaidi, basi siku zilizokuwa na 85.6, ambayo ni Selsiasi 29.8, na zile zilizokuwa na 86.4, ambayo ni 30.2, zote zitaingia kama 30. Ukiona 30.0 nyingi zimepangana kwenye miaka ya nyuma, usikimbilie kusema joto lilikuwa linapenda nambari hiyo. Mkono wa binadamu umepita hapo.

Mtego huu si wa Kenya peke yake. Kwa miaka 90 dunia nzima iliamini kwamba joto kali kuliko yote lilipimwa El Azizia, Libya, tarehe 13 Septemba 1922: nyuzi 58. Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliunda jopo, likapekua daftari la awali, na mnamo 2012 likaifuta rekodi hiyo. Mwandiko ulionyesha kwamba mtu mpya ndiye aliyekuwa akisoma, na inaelekea alisoma upande usio sahihi wa kijiti ndani ya kipimajoto, kosa la karibu nyuzi saba. Rekodi rasmi ikarudi kwa Death Valley, Marekani, nyuzi 56.7 za tarehe 10 Julai 1913. Napenda kisa hiki kwa sababu kilichowapa ukweli ni karatasi. Kama daftari la 1922 lingetupwa, tungekuwa tungali tunafundisha 58 shuleni.

Kuna na kuhama kwa vituo. Chicago, kwa mfano, ina orodha moja ya rekodi za kila tarehe, lakini tangu 1980 kituo chake rasmi kiko uwanja wa ndege wa O'Hare, mbali zaidi na Ziwa Michigan kuliko vile vya kwanza. Orodha inaonekana kama uzi mmoja, kumbe ina mafundo. Na sasa hivi dunia nzima inaachana na zebaki kufuatana na mkataba wa Minamata wa 2013, vituo vinawekewa vyombo vya umeme vinavyosoma vyenyewe kila dakika chache. Chombo cha umeme huhisi haraka kuliko zebaki, na kinaweza kunasa mpwito mfupi wa hewa moto ambao zebaki ya zamani isingeuona. Kituo kikibadilisha chombo bila kuviendesha viwili pamoja kwa muda, rekodi za baada ya hapo zina faida isiyotokana na hali ya hewa.

Sasa niseme kwa nini jambo hili hutokea Februari na Machi, maana wengi hupotea hapa. Mtu huingia intaneti akatafuta joto la mwisho wa kiangazi kwa miji mikubwa, akakuta orodha za Agosti na Septemba: Los Angeles nyuzi 45 tarehe 27 Septemba 2010, New York karibu 39 tarehe 2 Septemba 1953. Akijaribu kutafuta Nairobi kwa miezi hiyo hiyo, Agosti inampa mji wa mawingu ya kijivu ambao alasiri zake hukaa kwenye nyuzi 21 au 22. Mwisho wa kiangazi chetu ni wakati mwingine kabisa. Nairobi iko nyuzi moja na kidogo kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la utosi hutufikia siku chache kabla ya tarehe 20 Machi. Kufikia hapo upepo wa kaskazi umekuwa ukituletea hewa kavu tangu Desemba, anga ni nyeupe, na udongo umekwisha maji. Udongo wenye maji hutumia nguvu kubwa ya jua kuyageuza kuwa mvuke. Udongo mkavu hauna la kufanya na nguvu hiyo ila kuichemsha hewa. Mambo hayo matatu yakikutana, yaani jua la utosi, anga tupu na ardhi kavu, tunapata siku zetu za nyuzi 28 hadi 30. Wiki chache baadaye mvua ya masika ikianza, jua bado liko karibu na utosi lakini wingu limeliziba na ardhi imelowa, na joto linashuka. Masika ikichelewa, dirisha la kuvunja rekodi linabaki wazi kwa siku nyingi zaidi. Ndiyo maana mwaka wa ukame wa Machi huleta rekodi nyingi hata bila jua kuongezeka hata chembe.

Kwa sababu tuko kwenye tropiki, joto letu la alasiri halirukiruki. Wastani wa juu wa Februari hapa ni kama nyuzi 25 hadi 27 kutegemea kituo, na siku nyingi hazitoki mbali na hapo. Kituo chenye miongo kadhaa ya daftari kikivunja rekodi, huivunja kwa sehemu ya nyuzi: mbili ya kumi, nne ya kumi. Kwa hiyo ujumbe ukisema 35, usianze kwa kuuliza kama dunia imebadilika. Uliza kipimajoto kilikuwa wapi. Karibu kila mara utakuta ni dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, au ubao wa matangazo uliopigwa na jua mchana kutwa.

Au ni simu. Programu nyingi za simu hazipimi chochote. Zinakupa makadirio ya mfumo wa kompyuta uliogawanya dunia katika vipande vya mraba. Hata zile kurasa zinazojidai kukuonyesha "joto la Nairobi mwaka 1950" mara nyingi zimechota kutoka hazina ya Ulaya iitwayo ERA5, inayoanzia 1940 na yenye vipande vya kilomita 31 hivi. Ni kazi nzuri mno ya kisayansi, mimi naiheshimu na ina manufaa makubwa kwa kuangalia eneo zima la Afrika Mashariki. Lakini kipande kimoja cha kilomita 31 kinaweza kumeza vilima vya Ngong, vinavyopita mita 2,400, pamoja na tambarare ya Athi, kikazipa zote joto moja. Rekodi ya siku haiwezi kutoka humo.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo vyombo vya habari hukosea bila nia mbaya. Rekodi ya tarehe ni kitu kidogo kuliko watu wanavyodhani. Tukisema "rekodi ya tarehe 3 Machi", tunalinganisha tarehe 3 Machi ya mwaka huu na tarehe 3 Machi zilizopita peke yake. Hailinganishwi na mwezi mzima, wala na historia yote ya kituo. Kituo kikiwa na daftari la miaka 60, na hali ya hewa ikiwa haibadiliki hata kidogo, nafasi ya mwaka huu kuwa juu kuliko yote kwa tarehe fulani ni moja kati ya 60, kama vile mtoto yeyote wa darasa la watoto 60 ana nafasi moja kati ya 60 ya kuwa mrefu kuliko wenzake. Februari na Machi zina siku 59. Basi tungetarajia karibu rekodi moja ya tarehe ivunjwe kila msimu wa joto, kwa bahati tupu. Habari kwamba rekodi moja ya tarehe imevunjwa haituambii chochote kuhusu mabadiliko ya tabianchi.

Tazama hesabu hiyo ikiwa kituo kina miaka 10 tu. Siku 59 kugawanya kwa 10 ni karibu rekodi sita kila msimu! Vituo vipya vinavyojiendesha, ambavyo vimeongezeka sana katika shule na mashamba ya Kenya, ni baraka kubwa kwetu kwa sababu nchi ina maeneo mengi yasiyopimwa. Lakini daftari lao bado ni changa, na kila mwaka yatatoka humo matangazo ya "joto ambalo halijawahi kuonekana". Halijawahi kuonekana na chombo hicho.

Je, nasema basi kwamba mji haujapata joto? Hapana. Kenya imepata ongezeko la karibu nyuzi moja tangu 1960, na mwaka 2024 ulikuwa wa joto zaidi duniani tangu vipimo vianze, takriban nyuzi 1.55 juu ya enzi ya kabla ya viwanda. Ninachosema ni kwamba ushahidi wa Nairobi hauko pale watu wanapoutafuta. Wanautafuta saa tisa alasiri. Uko saa kumi na mbili asubuhi.

Alasiri ya kiangazi ya Nairobi inatawaliwa na wingu, upepo na udongo, vitu vinavyobadilika mwaka hadi mwaka na kuficha ongezeko la polepole. Usiku ni tofauti. Anga likiwa tupu, ardhi huachia joto lake kuelekea juu, na zamani hilo lilikuwa linatosha kuishusha hewa hadi nyuzi 11 au 12 alfajiri ya Februari hata baada ya mchana mkali. Mji ukijaa, mambo hubadilika. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286 Nairobi. Ya 2019 ilihesabu 4,397,073 katika eneo lile lile. Palipokuwa na vichaka na mashamba pana simiti na lami, ambazo hunywa joto mchana na kulitoa usiku kucha. Majengo marefu yaliyobanana huzuia ardhi isiione anga, na joto likitoka ukuta mmoja hupokewa na ukuta wa pili. Tafiti zilizofanywa kwa vituo vya Nairobi zimeona kiwango cha chini kikipanda kwa kasi kuliko cha juu, na mji na dunia vyote vina mkono humo.

Kwa hiyo mzee wako ana hoja, ila sweta anayoikumbuka nadhani ni ya asubuhi. Ukitaka kuipima kauli yake kwa haki, usitafute joto kali kuliko yote la enzi zake. Chukua kiwango cha chini cha kila siku cha Februari kwa muongo alioanza kazi, kisha cha muongo huu, kituo kile kile, na uhesabu ni asubuhi ngapi zilishuka chini ya nyuzi 12. Hesabu ya siku zinazovuka mpaka uliouweka wewe mwenyewe ina nguvu kuliko rekodi, kwa sababu haitegemei siku moja wala usomaji mmoja wa mwangalizi.

Njia nyingine ninayoiamini ni kuhesabu rekodi za pande mbili. Hali ya hewa isipobadilika, rekodi za joto na rekodi za baridi zinapaswa kwenda sambamba kwa idadi. Marekani, yenye maelfu ya vituo vya zamani, ilipohesabu muongo wa 2000 hadi 2009, rekodi za joto zilikuwa karibu mara mbili ya zile za baridi. Hapo huwezi tena kusingizia bahati. Nikisikia kwamba rekodi ya tarehe imevunjwa Nairobi, swali langu la kwanza huwa: na mara ya mwisho kuvunja rekodi ya baridi ya Februari ilikuwa lini?

Niliahidi kurudi kwenye roshani yako. Kituo rasmi kimewekwa makusudi mahali pasipofanana na nyumba za watu. Hilo ni sawa kwa sayansi, kwani bila nyasi zile na kivuli kile tusingeweza kulinganisha mwaka na mwaka. Lakini halimwambii mama aliye na mtoto mchanga chini ya mabati ya Mukuru anakabiliana na nini. Utafiti uliochapishwa 2017 uliweka vipimajoto Kibera, Mathare na Mukuru, ukaona mitaa hiyo ina joto zaidi kuliko kituo cha Dagoretti, kwa sababu ya mwinuko na pia kwa sababu haina miti. Onyo la joto linalotolewa kwa nambari ya Dagoretti linaweza kuwa limechelewa kwa watu hao. Mimi naamini serikali ya kaunti inapaswa kupima ndani ya mitaa yenyewe, mwaka hadi mwaka, kwa daftari tofauti lisilochanganywa na la rekodi, na kutumia nambari hizo kuamua wapi pa kupanda miti na wapi pa kufungulia maji siku za jua kali. Nambari yako ya 34 ni ya daftari hilo la pili, na ina thamani yake humo.

Ukitaka kuziona rekodi mwenyewe, pa kwanza ni Dagoretti Corner. Idara hupokea maombi ya data, na kwa baadhi ya matumizi kuna ada, basi eleza mapema kama ni ya masomo. Njia ya bure ni hazina ya kimataifa ya vipimo vya kila siku inayotunzwa na taasisi ya bahari na anga ya Marekani, NOAA. Humo utakuta vituo vya Nairobi, lakini jiandae kuona mashimo: siku, na wakati mwingine miezi, ambazo hazina nambari. Nyingi za data hizo zilifika kwa jumbe za kila siku zilizotumwa kati ya nchi na nchi, na ujumbe uliopotea njiani uliacha pengo hata kama daftari la hapa nyumbani limejaa. Hatari yake ni hii: kama siku ya joto kali ya 1987 haimo kwenye hazina, siku ya kawaida ya mwaka huu itaonekana imevunja rekodi. Hesabu kwanza siku zilizopo. Mimi mwezi wa Februari uliokosa zaidi ya siku tano huuacha nje kabisa, na tarehe yenye miaka chini ya 30 siiiti rekodi.

Unapoandika maombi yako Dagoretti, usiombe joto peke yake. Omba na historia ya kituo: kilihamishwa lini na umbali gani, kisanduku kilibadilishwa lini, zebaki iliondolewa mwaka gani, na saa za kusoma zilikuwa zipi. Ni ukurasa mmoja au miwili, na wengi wanaoomba data hawaujui. Kisha weka alama kwenye mchoro wako kila mwaka palipotokea badiliko. Mstari ukiruka ghafla mwaka ule ule kisanduku kilipohamishwa, usiuhesabu mruko huo kuwa wa hali ya hewa mpaka uwe umeulinganisha na kituo jirani ambacho hakikuguswa.